Dawa Ilikuwa kwa Jirani: Sisimizi, Kahawa ya Kenya na Nyigu wa Uganda

Zamu hii ni yetu sisi wa kikundi cha bustani, na tumeamua kuandika historia. Si historia ya vita, hiyo tumeshaandika sana hapa. Ni historia ya wadudu. Msicheke kwanza. Ilianza na kosa letu wenyewe, na kosa hilo lilitutia hasara.

Msimu uliopita tulipanda mihogo kwenye kipande cha ardhi tulichoazimwa upande wa Rubondo. Tangu msaada wa chakula upunguzwe, kila mtu hapa anajua thamani ya kipande cha ardhi. Na muhogo ni chakula mara mbili: chini unapata bugali, juu unapata sombe. Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Halafu majani ya juu yakaanza kujikunja na kusongamana kama ngumi ya mtoto. Ukigeuza jani unaona vitu vyeupe, kama unga au pamba. Na kwenye shina, sisimizi wanapanda na kushuka, mstari mmoja mrefu toka asubuhi mpaka jioni.

Sisi tukaamua adui ni sisimizi. Nani mwingine? Ndio tuliokuwa tunawaona wanatembea. Tukachanga pesa, mmoja wetu akapanda gari mpaka Mbarara, akarudi na unga wa kuua wadudu aliouziwa bila maelezo yoyote, hata karatasi ya maelekezo haikuwepo. Tukamwaga kwenye mashina. Siku mbili sisimizi hawakuonekana na sisi tukajipongeza. Siku ya tatu kuku wawili wa mama jirani walikutwa wamekufa pembeni mwa shamba. Na baada ya wiki mbili sisimizi walikuwa wamerudi, na ule weupe umeongezeka. Kuku tulilipa. Mihogo nani atatulipa?

Hapo ndipo alipita Muzee mmoja, mtu wa Kivu kama wengi wetu, aliyewahi kufanya kazi ya kilimo kabla ya kukimbia. Akasimama, akatazama, akacheka kidogo. Akasema: "Vijana, munapiga muchungaji, ng'ombe munaziacha!"

Hatukumwelewa. Akavunja tawi, akatuonyesha. Vile vitu vyeupe si ugonjwa wa jani, ni wadudu. Kwa Kiswahili cha wataalamu wa kilimo wanaitwa vidung'ata. Kila mmoja amekaa palepale, amechomeka mdomo wake kwenye mmea na kunyonya utomvu. Ananyonya mwingi kuliko anaohitaji, na unaozidi unatoka nyuma ukiwa mtamu kama asali. Sisimizi wanakuja kunywa utamu huo. Na kwa kuwa wanaupenda, wanamlinda anayeutoa. Mdudu yeyote akija kumla kidung'ata, sisimizi wanamfukuza. Sisi tunaoishi Ankole tunaelewa mfano huu bila shida: ni kama wafugaji na ng'ombe wao wenye pembe ndefu. Mfugaji hali majani. Ng'ombe ndiye anakula majani, mfugaji anakunywa maziwa na kufukuza simba.

Kwa hiyo sisimizi hakuwa amegusa muhogo wetu hata kidogo. Lakini hakuwa mtu mwema pia, kwa sababu bila ulinzi wake simba wangefanya kazi yao.

Tukauliza, simba ni nani? Muzee akasema ni nyigu mdogo, mdogo kuliko sisimizi mwenyewe. Akaongeza: "Hii vita watu walisha kuipigana zamani ku Kenya. Dawa waliitafuta dunia yote, kumbe iko hapa Uganda." Tulidhani anatutania. Tukaanza kutafuta wenyewe, kwa simu, na kupitia mwenzetu anayesoma Mbarara. Haya ndiyo tuliyopata.

Mwaka 1923, kwenye mashamba ya kahawa ya upande wa Thika nchini Kenya, alionekana kidung'ata ambaye watu hawakumzoea. Kahawa wakati ule ilikuwa mali ya walowezi Wazungu. Waafrika wa Kenya walikuwa vibarua kwenye kahawa, si wenye kahawa. Ni katika miaka ya 1930 ndipo wachache wa Kisii, Embu na Meru walipoanza kuruhusiwa kuipanda. Lakini mdudu hachagui. Alienea kwenye nyanda za juu za mashariki, akashika kahawa ya mlowezi, na akashika pia vyakula vya wakulima wa kawaida kama viazi vikuu na mbaazi. Alikaa kwenye vishada vya maua na matunda, ule utamu wake ukamwagikia majani, na juu yake ukaota ukungu mweusi kama masizi. Mti ukawa unaonekana kama umepita motoni.

Na sisimizi? Walikuwepo. Sisimizi wa kundi la Pheidole, wale ambao baadhi yao wana kichwa kikubwa kisicholingana na mwili, walipanda kila mti kuchunga mifugo yao. Wataalamu wa Kenya waligundua mapema kwamba ukimzuia sisimizi kupanda, kidung'ata anapungua, kwa sababu wadudu wengine wanapata nafasi ya kumla. Wakaanza kufunga kila shina kwa mkanda wa gundi au grisi. Sisimizi akifika pale ananasa au anageuka. Lakini haitoshi kufunga shina. Tawi moja likigusa ardhi, au jani moja likigusa magugu, tayari ni daraja. Kwa hiyo ilibidi kukata matawi ya chini, kupalilia, na kurudia mkanda kila unapokauka au kujaa vumbi. Fikiria miti maelfu na maelfu, mmoja mmoja. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya vibarua, na kwa mwenye shamba ilikuwa gharama isiyokwisha. Mdudu alipungua pale ulipoweka mkanda, ukiacha anarudi.

Basi wakafikiria njia ya pili: kuleta simba. Fikra yenyewe ni rahisi. Mdudu akiwa kwao, ana maadui wake wa asili wanaomla na kumpunguza. Akihamia nchi nyingine peke yake, maadui wamebaki nyuma, naye anazaliana bila breki. Ukitaka kumtuliza, nenda kwao alikotoka, watafute maadui zake, uwalete.

Sasa swali: kwao ni wapi? Hapa ndipo kosa lilipoingia.

Vidung'ata wanafanana sana. Ukimwangalia kwa macho unaona unga mweupe tu. Aina moja na nyingine zinatofautishwa kwa vinyweleo na vitundu vidogo unavyoviona kwa hadubini tu. Wataalamu walimtazama yule wa Thika wakadhani ni aina fulani inayojulikana, ambayo iko sehemu nyingi duniani. Baadaye wakadhani ni aina nyingine, ya Asia. Kila jina lilikuwa na njia yake. Ukisema ni mdudu wa Asia, unaenda kutafuta dawa Asia. Wakaleta wadudu wasaidizi kutoka mbali, kutoka Ufilipino na kwingineko. Wakawafuga, wakawaachia kwenye kahawa. Havikufaa kitu. Nyigu wa namna hii ni wachaguzi: amezoea kutaga ndani ya aina moja ya kidung'ata, au chache zinazokaribiana. Ukimpa asiyemjua, hataki, au anataga na yai linakufa.

Zaidi ya miaka kumi ilipita hivyo. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu wa serikali ya kikoloni aliyeitwa Le Pelley alitangaza kwamba huyu siye yule mliyemdhania. Ni aina yake pekee, haijawahi kupewa jina. Akampa jina, na leo anaitwa Planococcus kenyae, yaani wa Kenya.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Alipewa jina la Kenya kwa sababu alionekana Kenya akifanya fujo. Lakini hakuwa wa Kenya. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwao ni Uganda. Hapa Uganda alikuwepo siku zote, na karibu hakuna mkulima aliyemlalamikia. Kwa nini? Kwa sababu hapa alikuwa na wenziwe wa asili, wale nyigu, wakimla kimyakimya kizazi baada ya kizazi. Mahali anapotoka tatizo ndipo palikuwa kimya kuliko pote, na kwa sababu ya ukimya huo hakuna aliyefikiria kupatazama.

Kuanzia mwaka 1938 nyigu wa Uganda walipelekwa Kenya, wakafugwa kwa wingi na kuachiwa mashambani. Aliyefanya kazi kubwa alikuwa wa jamii ya Anagyrus, ambaye wataalamu walimweka karibu kabisa na anayeitwa Anagyrus kivuensis. Sikieni jina hilo vizuri, watu wa Kivu: kivuensis, wa Kivu. Sisi tuliposoma hapo tulipiga kelele, jirani akaja kuuliza kama mtu ameitwa kwenye orodha ya kusafiri.

Nyigu huyu si yule mkubwa anayekuuma shingoni. Urefu wake ni kama milimita mbili, na mtu hamdhuru. Jike anatembea juu ya vidung'ata akiwapapasa kwa papasi zake, akimpata anayemfaa anamchoma na kutaga yai ndani ya mwili. Yai linaanguliwa, funza anamla mwenyeji wake kutoka ndani. Kidung'ata anavimba, anakauka, anageuka kuwa ganda gumu la rangi ya kahawia. Baada ya muda ganda linatobolewa, anatoka nyigu mpya, anaruka kwenda kutafuta mwingine. Hakuna anayemlipa, hakuna anayemwekea mafuta. Na vidung'ata wakipungua, yeye pia anapungua, wakiongezeka, anafuata.

Sisimizi bado walikuwa shida, kwa sababu wanamfukuza nyigu pia. Kwa hiyo mkanda wa grisi haukutupwa. Viwili vilikwenda pamoja: mkanda unamzuia mchungaji, nyigu anamaliza ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kidung'ata yule hakuwa tena tishio kubwa kwenye sehemu nyingi za Kenya. Hesabu iliyotolewa mwaka 1959 ilisema kahawa iliyookolewa ilifikia pauni milioni 10, na gharama ya kazi yote haikuzidi pauni 30,000. Huo ni karibu ule wakati ambapo wakimbizi wa kwanza kutoka Rwanda walikuwa wanaanza kufika hapa Nakivale.

Lakini tusiandike kama hadithi ya mashujaa. Faida kubwa ya kwanza iliingia kwa walowezi, si kwa vibarua waliokuwa wanapaka grisi. Na somo lenyewe lilisahaulika upesi. Baada ya vita kuu ya pili zilikuja dawa za kemikali kali kama DDT na dieldrin, na watu wakazipenda kwa sababu zinaua mbele ya macho yako. Dawa hizo hazichagui. Zinaua mdudu mbaya na zinaua nyigu, na mara nyingi mbaya ndiye anayerudi kwanza. Tuliposoma hivyo tulitazamana. Ndivyo tulivyofanya Rubondo.

Sasa turudi kwenye mihogo, kwa sababu kahawa hatuna, mihogo ndiyo tunayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, upande wa Kinshasa na Brazzaville, alionekana kidung'ata mwingine, wa muhogo. Muhogo wenyewe si wa Afrika, ulitoka Amerika ya Kusini karne nyingi zilizopita. Mdudu naye akafuata kutoka hukohuko, ila bila maadui zake. Anaponyonya, majani ya juu yanajikunja na kusongamana, sombe inakosekana, na mihogo chini inabaki kama vidole. Alienea nchi hadi nchi, mara nyingi akibebwa na watu wenyewe kwenye miti ya kupandia. Kuna mashamba yaliyopoteza hata asilimia 80 ya mavuno. Muzee anakumbuka kwa jina njaa ya vijiji alivyofanyia kazi, na akifika hapo huwa ananyamaza.

Wataalamu wa taasisi ya kilimo ya IITA, iliyoko Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Mswisi Hans Rudolf Herren, walianza kumtafutia maadui. Na hamtaamini, kosa la Thika likajirudia! Kaskazini mwa Amerika ya Kusini alipatikana kidung'ata wa muhogo aliyefanana naye kabisa. Wakajaribu nyigu zake, hawakufaa. Kumbe ni ndugu yake, si yeye. Wa Afrika ana mwili wa rangi ya waridi na wote ni majike, wanazaa bila dume. Yule mwingine ni wa manjano na ana madume. Mwaka 1981 ndipo mwenyewe halisi alipopatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu wake, Anagyrus lopezi. Ni jamii ileile ya Anagyrus ya kahawa! Nyigu hao walipitishwa kwanza Uingereza, wakafungiwa na kuchunguzwa ili wasije na balaa lingine, ndipo wakaachiwa Nigeria mwaka huohuo. Kwingine walimwagwa kutoka kwenye ndege. Ndani ya miaka kama kumi walikuwa wameshika nchi zaidi ya 20 za Afrika. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, akiwa tayari anaongoza ICIPE, kituo cha Nairobi cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo. Mamilioni ya watu walikula mihogo bila kujua kwamba kuna nyigu anayewafanyia kazi. Pengine mama zetu walikuwa kati yao.

Wengine mtauliza: na sisimizi mwenyewe hana simba wake? Anaye. Kule Marekani, sisimizi wa moto kutoka Amerika ya Kusini waliingia kwa meli kwenye bandari ya Mobile katika miaka ya 1930, wakaenea majimbo ya kusini, wanauma watu na mifugo. Miaka ya 1990 wataalamu walileta kutoka kwao inzi wadogo sana wanaowawinda. Inzi anamchoma sisimizi na kutaga ndani yake, funza anahamia kichwani, anakila kichwa kutoka ndani mpaka kinaanguka, naye anatokea humo. Inzi hao wamesambaa, na sisimizi wakiwasikia wanajificha na kula kidogo. Lakini sisimizi wa moto hawajaisha. Adui wa asili hamalizi kabisa, anapunguza. Mtu akikuambia ana kitu kinachomaliza wadudu wote, muulize mara mbili.

Hata jirani zetu wana vita hiyo leo. Kule Laikipia, Kenya, sisimizi wa kichwa kikubwa wa kundi lilelile la Pheidole wamevamia na kuua sisimizi wa asili wanaolinda miti ya miiba. Mti ukikosa walinzi wake, tembo wanauvunja. Miti ikiisha, simba anakosa pa kujifichia akiwinda pundamilia, anaanza kuwinda nyati. Utafiti huo ulitangazwa mwaka 2024. Mdudu wa milimita chache anabadilisha chakula cha simba.

Na tuseme wazi ili kijana asitoke hapa akabeba chupa ya wadudu kutoka kwa mjomba wake Kongo: hii si kazi ya kujaribu tu. Samaki mputa, ambaye Watanzania wanamwita sangara, aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akala samaki wadogo wa asili mpaka aina nyingi zikapotea. Kiumbe ukishamwachia humrudishi. Ndiyo maana wale wa muhogo walifungiwa na kuchunguzwa kwanza.

Basi somo letu ni lipi? Sisi tunaona ni moja: kabla ya dawa, jina, na pamoja na jina, kwao ni wapi. Kenya walikuwa na pesa, na maabara, na wataalamu. Walipoteza zaidi ya miaka kumi kwa sababu walitibu jina ambalo si lake. Sisi wakimbizi tunalijua kosa hili kwenye ngozi yetu. Mmoja wetu, siku ya kupokelewa, aliandikwa nchi isiyo yake kwa sababu ya lugha aliyokuwa anaongea. Kila msaada uliokuja baadaye ulifuata karatasi, haukumfuata yeye. Ilichukua miaka miwili kurekebisha. Hatusemi aliyeandika alikuwa mbaya. Alikuwa amechoka na foleni ni ndefu, kama yule mtaalamu aliyetazama unga mweupe akasema huyu namjua. Lakini kuangalia vizuri mara moja kungeokoa miaka miwili.

Ndiyo maana tunaomba wafanyakazi wa mashirika, kwa heshima: mkija na mradi wa kilimo, msianze na gunia la dawa. Anzeni kwa kukaa shambani asubuhi moja na mama anayelima pale. Yeye hajui jina la Kilatini, lakini anajua mdudu alianza lini, upande gani, na miti ya kupandia ilitoka kwa nani.

Na shamba letu? Muzee alikwangua ule weupe, chini yake mdudu ni wa rangi ya waridi. Halafu akatupeleka mstari wa mwisho, ule ambao unga wa dawa uliishia kabla ya kuufikia. Siku ile tuliona ni bahati mbaya. Hapo ndipo tuliona vidung'ata waliovimba na kukauka, rangi ya kahawia, wengine wana kitundu. Nyigu walikuwepo muda wote! Kwenye mistari tuliyomwaga dawa hatukupata ganda hata moja. Sisi si wanasayansi, na mstari mmoja si utafiti. Lakini ulitutosha kunyamaza.

Msimu huu tunafanya hivi. Miti ya kupandia tunachagua safi, tunakagua kila kipande kabla ya kukikubali, hata kama ni zawadi ya rafiki. Ncha iliyoshikwa sana tunaikata, lakini yenye maganda ya kahawia tunaiacha, kwa sababu ndani yake kuna askari wetu. Kwenye miti mikubwa kama mipapai tunazungusha karatasi ya nailoni na juu yake tunapaka grisi ya fundi wa boda, si kwenye ganda la mti lenyewe. Na unga usio na maelezo hatununui tena, hata ukiuzwa bei ya chumvi. Mama wa kuku ametusamehe, ila kila akipita anauliza: "Leo munaua nani?"

Tunamalizia kwa kuwauliza nyinyi. Huyu mdudu mweupe, kwenu mnamwitaje? Kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe, Kisomali, Kinyankole? Wazee wenu walimfanyaje? Waulizeni leo, kabla hawajachoka kusimulia, mtuandikie hapa chini. Tunataka kukusanya majina yote.

Sisi vijana wa kujitolea, kikundi cha bustani, Nakivale.